Kibali cha Kupiga Picha Reli Isiyokuwapo

Kwa miaka ishirini na sita riziki ya mwanamke huyu imetokana na kuwakataza watu wazima kucheka.

"Usicheke. Kidevu juu. Sogeza hicho kitambaa, masikio yaonekane. Serikali inapenda masikio."

Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Usicheke, na ndiyo maana akipita sokoni watu hukaza midomo kama waliolamba ndimu, akishapita wakaangua kicheko. Studio yake ni chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la vipuri vya baiskeli na kinyozi. Ndani mna kiti cha kuzunguka kilichoacha kuzunguka, taa mbili zenye miavuli myeupe, kioo chenye kitana kilichofungwa mnyororo kama mbwa mkali, na koti moja jeusi la kuazimisha wateja. Koti hilo limeshaomba viza za nchi ambazo mwenye koti hajui ziko upande gani wa dunia. Limevaliwa na walimu, wachungaji, mabwana harusi, na angalau matapeli wawili waliokamatwa baadaye wakiwa bado wamependeza.

Nyuma ya shuka jeupe, ambalo nyuso zote hizo zimekaa mbele yake, ilibandikwa ramani. Wateja hawakuiona. Mteja akitoka, Mama Usicheke alilifunua shuka kama pazia, akasimama mbele ya ramani na penseli nyekundu, akaendelea kupanga safari yake.

Ilikuwa safari ya siku tatu kwa barabara ya zamani inayofuata reli ya zamani. Barabara hiyo inapanda milima, inazunguka ziwa dogo, inashuka kwenye bonde la mawe mekundu, na kila baada ya mwendo reli inachungulia kutoka majanini kama mdeni aliyesikia hodi. Treni ya mwisho ilipita huko miaka ishirini na miwili iliyopita. Vilivyobaki ni vipande vipande: stesheni isiyo na paa, tenki la maji juu ya miguu minne, ishara ya chuma iliyonyoosha mkono wake mmoja kama inaomba lifti, behewa lililolala ubavu, na mwisho kabisa, Kilomita 231, daraja la chuma juu ya korongo.

Vile vingine aliwahi kuviona kupitia dirisha la basi, akavitaka kwa sababu ni vizuri. Daraja alilitaka kwa sababu ya baba yake.

Baba yake alikuwa nyapara wa genge la reli. Watu wanane, toroli moja la kwendea juu ya reli, na daraja hilo, kwa miaka kumi na tisa. Walikaza nati, walibadilisha mataruma ya mbao yanayobeba reli, walifyeka nyasi, na kila mwaka walilipaka daraja rangi kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Sasa mzee anakaa chumba cha nyuma nyumbani kwa binti yake, akigombana na redio. Ana presha ya macho. Ugonjwa huo humla mtu kuanzia pembeni kuja katikati, na mzee alikuwa amebakiwa na kuona kwa kiasi cha tundu la ufunguo. Daktari, msichana mpole, alimvuta binti mlangoni akamnong'oneza kwamba hata tundu hilo litaziba kabla ya mwaka kwisha.

"Sema kwa nguvu!" mzee alifoka kutoka ndani. "Tusikie wote! Mwenye macho ni mimi!"

Binti alipomwambia kwamba atampeleka akalione daraja lake, mzee alimkatalia.

"Nikienda nitaona nati moja. Nisimame pale kama zuzu natazama nati moja, huku nyonga inanililia? Nenda wewe. Nipigie picha, uikuze iwe kubwa kama mlango. Kubwa kuliko mlango. Nitaipitia na pua."

"Daraja zima, Baba?"

"Zima. Na usiniletee picha za nyasi. Mimi na nyasi hatuna la kuzungumza."

Kwa hiyo walikaa jioni nyingi, mzee akitaja, binti akiandika. Mzee hakuijua reli kwa majina ya mahali. Aliijua kwa kilomita, jinsi alivyoikagua kwa miguu, kwa hiyo ukimuuliza habari za Kilomita 198 ilibidi aanze 174, ndipo afike. Alitaja urefu, unene wa vyuma, uzito, idadi ya bolti. Binti naye, kando ya kila kitu, aliandika ya kwake: jua litakuwa wapi, asimame upande gani, saa ngapi. Mwisho walikuwa na orodha ya vitu kumi na kimoja, kurasa sita, imepigwa chapa, imebanwa vizuri.

Gari lilikuwa la wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Mume alikufa, lakini uwifi haufi. Wifi huyu ni dereva wa gari la mikate, mwanamke mwenye mabega ya mbeba magunia na ulimi usio na breki.

"Wifi, watu wanasafiri kwenda kutazama tembo. Wewe unataka nikuendeshe siku tatu ukatazame kutu?"

"Kutu ya baba yangu."

"Haya. Kutu ya ukweni lazima iheshimiwe."

Wakakubaliana waende wiki ambayo tanuri la kiwanda cha mikate litakuwa linajengwa upya, gari likiwa halina kazi.

Hapo ndipo mtu yeyote mwenye akili ya kawaida angechukua kamera yake akaenda zake. Reli imekufa, nani atamuuliza? Lakini Mama Usicheke ameishi maisha yake yote ya kazi upande wa pili wa fomu. Amewaona watu wakirudishwa kutoka ofisi za serikali kwa sababu ya sikio moja. Amewaona wakilia kwa sababu ya kivuli begani. Yeye anaamini, kama wengine wanavyoamini hirizi, kwamba karatasi iliyojazwa vizuri haina wa kuikataa. Na sheria ilikuwa imeandikwa waziwazi kwenye ubao wa shirika la reli: ni marufuku kupiga picha mali ya shirika bila kibali.

Basi akaenda kuomba kibali.

Ofisi iko ghorofa ya tatu, na lifti ya jengo hilo imefunguliwa mlango ili watu wahifadhi mafagio. Dirisha namba tano alikaa karani wa vibali, mtu wa makamo mwenye kijiti mdomoni.

"Reli ipi?"

Akamwambia. Karani akabofya kompyuta kwa kidole kimoja, kama anayemtekenya mtu asiyempenda.

"Hiyo haipo."

"Haipo vipi?"

"Haipo kwenye mfumo. Ilishafutwa."

"Sawa, ahsante," alisema Mama Usicheke akikusanya karatasi zake. "Kama haipo, basi sihitaji kibali."

"A-aa, mama. Kibali ni lazima. Ni mali ya shirika."

"Mali gani, na wewe umesema haipo?"

"Hata isiyokuwapo ni mali," alisema karani, kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Ukipiga picha bila kibali unakamatwa."

"Nakamatwa kwa kupiga picha kitu ambacho hakipo."

"Sasa umeelewa."

Fomu ilikuwa na kipengele kinachosema: orodhesha kila kitu kitakachopigwa picha, mahali kilipo, ukubwa wake na hali yake. Chini yake waliacha mistari mitatu, kwa sababu aliyeitengeneza fomu hakutarajia mtu ajibu. Mama Usicheke aliandika "Tazama kiambatisho", akachomoa kurasa zake sita, akazipitisha chini ya kioo.

Karani alianza kusoma akiwa ameegemea kiti. Ukurasa wa pili akakaa wima. Ukurasa wa tano kijiti kilisimama mdomoni.

"Hivi vyote vipo?"

"Vipo."

"Na hili daraja? Lina uzito huu wote?"

"Baba yangu amelipaka rangi mara kumi na tisa. Anajua uzito wake kuliko alivyojua wa mke wake."

"Mama," alisema karani, na safari hii alitoa kijiti kabisa, "hakuna mtu aliyewahi kutujazia fomu namna hii. Hakuna. Njoo baada ya wiki mbili."

Mama Usicheke alishuka ngazi kifua mbele. Wifi alikuwa anamngoja chini, injini inanguruma.

"Kurasa sita! Wifi, ulikuwa unaomba kibali au unaandika wosia?"

"Cheka tu. Wamenisifu."

"Wamekusifu? Ofisi ile?" Wifi aliingiza gia. "Hapo mimi ningeanza kuogopa."

Baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa, alirudi. Kwenye ubao wa matangazo, pembeni ya dirisha namba tano, palikuwa na karatasi mpya zenye muhuri. Kichwa cha habari kilisema shirika linautangazia umma kwamba vyuma chakavu vifuatavyo vimeuzwa. Alianza kusoma kwa sababu watu husoma chochote wakiwa kwenye foleni.

Namba nne: tenki la maji, Kilomita 174, miguu minne ya chuma, kutu nzuri sana ya rangi ya chungwa.

Namba saba: ishara, Kilomita 198, mkono mmoja, inachekesha kidogo.

Namba kumi na moja: daraja la chuma, Kilomita 231. Anzia upande wa mashariki, asubuhi, kabla ya saa tatu. Muhimu sana.

Alisoma mara mbili. Hawakuwa wamebadilisha hata nukta. Shirika zima, lenye wakurugenzi, magari ya wakurugenzi na madereva wa magari ya wakurugenzi, lilikuwa halijui lina daraja, mpaka mpiga picha wa pasipoti alipolipelekea habari mlangoni, imepigwa chapa. Watu husema usimpe fisi kazi ya kulinda bucha. Yeye alikuwa amemchorea fisi ramani ya bucha, akamwandikia na saa nzuri ya kufika.

Karani wa vibali alimpitishia barua chini ya kioo bila kumtazama. Ombi limekataliwa, kwa kuwa vitu vilivyotajwa si mali ya shirika tena. Mwombaji awasiliane na mnunuzi.

Yaliyofuata yalisikika mpaka ghorofa ya chini. Wanaojua walisema hawakuwahi kudhani mwanamke yule mfupi ana sauti ile.

"Nimewaombeni picha! Picha! Ukipiga picha kitu, kinabaki palepale! Nyinyi mkaenda mkauza! Mtu akikuomba kutazama saa yako, unaivua ukaiuza?"

Mkuu wa kitengo alitoka ofisini kwake akifunga kifungo cha koti. Alikuwa na tabasamu la mtu aliyehudhuria semina.

"Mama, tulia kwanza."

"Nitulie niwe nini?"

"Umelisaidia sana shirika. Kwa kweli. Tulikuwa hatuna kumbukumbu zozote za njia ile. Kikao kimekubaliana tukutunuku cheti cha shukrani."

"Cheti."

"Ndiyo, cheti, na kitawekwa kwenye fremu. Utaleta picha mbili ndogo, za pasipoti."

Ukumbi mzima uligeuka. Watu wanne kwenye foleni hiyo walikuwa wamepigwa na yeye picha walizozishika mkononi.

"Masikio yaonekane?" aliuliza Mama Usicheke, polepole.

"Ikiwezekana," alisema mkuu wa kitengo.

Hakumpiga. Hilo liwekwe kwenye kumbukumbu, kwa kuwa wao hawaweki. Aliuliza swali moja tu, wameanza kukata lini, akajibiwa Jumatatu iliyopita, akashuka ngazi tatu tatu.

Wifi alimsikiliza mpaka mwisho bila mzaha, na hiyo peke yake ilikuwa ishara kwamba mambo yameharibika.

"Nagawa mikate kesho mpaka saa sita," alisema. "Jumapili hatuoki. Gari linatakiwa Jumatatu alfajiri. Ile safari yako ya siku tatu, wifi, sasa ni ya siku moja na nusu, na hatusimami kukojoa."

Kwa hiyo safari iliyopangwa kwa miezi mitano nyuma ya shuka jeupe ilifanyika ndani ya gari linalonukia chachu, kreti zikigongana nyuma kama sahani za mgomvi. Milima ilipita. Ziwa lilipita likiwa limelala chini ya mawingu, zuri kupita kiasi, na hakuna aliyepunguza mwendo. Mama Usicheke alishika kamera mapajani.

Kilomita 174 walikuta visiki vinne vya zege na doa jeusi la moto. Alishuka, akasimama katikati ya visiki, akapiga picha ya hewa. Kilomita 198 ile ishara haikuwapo, palikuwa na shimo na chupa ya soda. Behewa lilikuwa limeondolewa, na umbo lake limebaki kwenye nyasi, nyasi nyeupe zisizoona jua kwa miaka ishirini. Wakataji walikuwa wamefuata orodha kama wanafunzi watiifu, namba moja, mbili, tatu, bila kuruka.

"Walau wanajua kuhesabu," alisema wifi.

"Usinichekeshe. Nitalia."

"Lia. Nani amekukataza? Huku hakuna serikali ya kutazama masikio."

Hakulia. Walilala garini karibu na kijiji cha mwisho, na Jumapili jua linachomoza walikuwa juu ya korongo.

Daraja lilikuwapo. Vipande vitatu virefu vya chuma juu ya nguzo za mawe, na mwanga wa asubuhi umelipiga ubavuni kama alivyokadiria, kila bolti na kivuli chake. Na ncha ya mashariki walisimama watu wenye mitungi ya gesi. Watano wengine walikuwa juu ya kipande cha kwanza wakifungua reli. Cheche zilikuwa zinaruka.

"Hakuna picha," alisema msimamizi wa wakataji, jitu refu lenye miwani ya kuchomelea juu ya paji la uso. "Samahani, mama. Nimeagizwa. Hakuna picha bila ruhusa ya mwenye mali."

"Na mbona mko hapa saa hizi? Jumapili alfajiri?"

"Maelekezo." Alichomoa karatasi mfukoni, yenye mikunjo na mafuta. "Hilo tenki tuliambiwa saa kumi jioni, tukaenda saa kumi jioni, tumeungua na jua machoni sijui kwa nini. Hili wameandika asubuhi, kabla ya saa tatu, kuanzia mashariki. Muhimu sana. Wataalamu wana sababu zao."

Mama Usicheke aliyatambua maneno yake. Mtaalamu alikuwa ni yeye.

Hakuwa na la kufanya isipokuwa lile afanyalo kila mtoto, hata awe na miaka hamsini na mitatu. Alimpigia simu baba yake.

"Baba, wapo hapa. Wanalikata."

Redio ilisikika nyuma. Kisha redio ikazimwa.

"Wanaanzia wapi?"

"Mashariki. Chini, pale kwenye bolti kubwa nne zinazolishika kwenye nguzo."

"Kuna watu juu?"

"Watano."

Sauti ya mzee ilibadilika. Mama Usicheke alikuwa hajaisikia sauti hiyo tangu akiwa na miaka kumi na mitano, ikipigwa kutoka kwenye toroli.

"Mpe simu huyo mpumbavu wao. Weka sauti kubwa."

Msimamizi aliinama karibu na simu. "Mzee, shikam..."

"Acha shikamoo! Umekata bolti ngapi?"

"Mbili, Mzee. Ya tatu iko kwenye moto."

"Zima moto. Shusha watu. Sasa hivi, kabla sijamaliza kusema!"

Kwa nini jitu lile lilimtii mtu asiyemwona, hakuna ajuaye. Pengine kwa sababu nyapara ni nyapara, na aliyefanya kazi ya genge huijua sauti hiyo mgongoni. Alipiga mluzi, watu watano wakatoka juu ya chuma wakikimbia.

"Wameshuka, Mzee."

"Sasa nisikilize. Upande uliposimama ndio uliofungwa. Ncha ya pili ya kipande hicho haijafungwa, imelala juu ya magurudumu ya chuma, ili jua likiwaka chuma kitanuke kipate pa kwenda. Bolti hizo nne ndizo breki zake. Ukizikata zote, mizigo na watu viko juu, kipande kinateleza. Kinakwenda korongoni na watu wako watano. Nani alikwambia uanzie mashariki?"

Msimamizi alitazama karatasi yake. "Imeandikwa, Mzee. Wameandika na muhimu sana."

Mama Usicheke alishika mlango wa gari. Alikuwa ameandika neno hilo kwa ajili ya vivuli vya bolti, na watu wazima wenye mihuri wakalikabidhi kwa watu wenye gesi bila kuuliza maana yake, bila kumtuma mhandisi mmoja, hata mlevi. Hakuna aliyesoma. Wamenakili, wamegonga muhuri, wamekwenda kula.

"Sasa, Mzee," alisema msimamizi, na jasho lilikuwa linamtiririka asubuhi ile ya baridi, "tukate vipi?"

Wifi, aliyekuwa na neno kwa kila jambo, alitazama viatu vyake. Mzee angeweza kukata simu. Wangebahatisha, wangeumia, au wangeogopa wakaondoka, na daraja lingesimama mwezi mwingine. Alikuwa anaombwa afundishe jinsi ya kulichinja.

"Kwanza binti yangu atapiga picha," alisema mwishowe. "Zote. Mpaka yeye mwenyewe aseme basi. Hakuna kuwasha moto."

"Mzee, nimeagizwa hakuna picha..."

"Basi anza mashariki."

Msimamizi alimtazama Mama Usicheke. "Apige, Mzee. Apige tu."

"Akimaliza, nipigie nikwambie. Utaanza kwa minyororo, halafu uondoe mataruma yote kupunguza uzito, halafu ncha ya magurudumu. Hatua kwa hatua, na mimi niko kwenye simu. Miaka kumi na tisa sikuzika mtu pale. Sitazika leo kwa sababu ya ujinga wa ofisi."

Alipiga picha kwa saa mbili na nusu. Hakupiga za mbali, za kupendeza, zile alizozichora kwenye ramani. Alilipiga daraja hatua moja moja kama mtu anayepiga ukuta plasta, picha mia na arobaini, ili aziunganishe. Alipiga bolti mbili zilizokatwa, bado zinang'aa. Alipiga karatasi mkononi mwa msimamizi, karibu kabisa, neno "muhimu" lisomeke. Wifi aligawa mikate iliyobaki ya jana, wakataji wakala wamechuchumaa, wakimpisha kila aliposogea, na hakuna aliyeleta mzaha. Mwanga ulipokuwa umeshapanda juu na vivuli vimekwisha, alisema basi. Kisha akaingia garini, akapandisha vioo, ili asisikie baba yake akielekeza.

Picha iliyounganishwa ilikuwa na urefu wa mita tatu. Ilichukua ukuta wote wa chumba cha nyuma, na ilibidi kabati lihamie barazani. Mzee alishika taa mkono mmoja, mkono mwingine akashika ukuta, akaweka pua kwenye karatasi upande wa magharibi, akaanza kukagua kwa miguu.

Alikwenda hatua kwa hatua mchana kutwa. Alikataa chai. Mara akahesabu, mara akanung'unika, mara akacheka peke yake akitaja mtu wa genge aliyewahi kudondosha spana mahali fulani. Binti alikaa kitandani, mikono mapajani. Wifi alisimama mlangoni.

Katikati ya kipande cha pili mzee alisimama.

"Hii nini?"

"Wapi, Baba?"

"Hapa. Na hapa. Hii yote!" Alipiga karatasi kwa kiganja. "Kutu! Nimeliacha na mikono miwili ya rangi. Mikono miwili, mmoja juu ya mwingine, na wa chini nilisugua mwenyewe. Miaka ishirini na miwili hakuna aliyepita na brashi?"

"Baba, treni hazipiti tena."

"Nimekuuliza habari za treni? Nimekuuliza rangi! Ndoo moja kwa mwaka! Ndoo moja tu, na watu wawili!"

Akaendelea mashariki, sasa kwa hasira, pua ikisugua karatasi. Alipofika kwenye bolti mbili zilizokatwa alizipapasa kwa kidole, moja kisha nyingine.

"Nani alikuwa zamu?" alisema.

Aligeukia mlangoni, kisha kitandani.

"Nauliza! Miaka yote hiyo, nani alikuwa zamu?"

Wifi alimtazama wifi yake. Mama Usicheke aliinuka akaichukua taa kutoka mkononi mwa mzee na kumshikia karibu na ukuta, kwa kuwa pua ilikuwa imeshageuka, inarudi magharibi kuanza upya.